Geji ya presha ya dizeli kwenye Dodge Ram za 1998 hadi 2002: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanahusu pikapu za Dodge Ram 2500 na 3500 zilizotoka kuanzia katikati ya 1998 hadi 2002, zenye injini ya Cummins ya lita 5.9, vali 24, na pampu ya injekta ya Bosch VP44. Marekani na Kanada bado ziko barabarani kwa wingi, zikivuta trela na kubeba mizigo. Vipimo vyote vya presha vimetolewa kwa psi (pauni kwa inchi ya mraba) kwa sababu ndivyo geji za huko zinavyoandikwa. Ukitaka kulinganisha, 10 psi ni karibu 0.7 bar, na 15 psi ni kama bar moja.

Gari linawaka vizuri na lina nguvu. Geji ya nini?

Injini hii inaweza kuendelea kutembea hata fidi pampu ikiwa imekufa kabisa. Fidi pampu ndiyo inayotoa dizeli kwenye tangi na kuisukuma kupitia filta hadi VP44. Lakini VP44 nayo ina pampu ndogo ndani yake, na ikikosa kusukumiwa huanza kunyonya yenyewe. Dereva hasikii tofauti yoyote. Gari linawaka, linapanda mlima, linavuta trela, na huku pampu ya injekta inaliwa.

VP44 hutegemea dizeli kwa mambo matatu: kuchoma, kulainisha na kupoza. Sehemu kubwa ya dizeli inayoingia humo haichomwi. Hupita, hubeba joto na kurudi tangini. Juu ya pampu kuna bodi ya umeme inayopozwa na dizeli hiyo hiyo. Presha ikishuka, mtiririko hupungua, vyuma husagana vikiwa vikavu na bodi hupata joto. Fidi pampu ni kitu cha bei ya kawaida. VP44 inapita dola 1,000 kabla hujamlipa fundi. Kwa hiyo unapofunga geji, unailinda VP44.

Kwani kompyuta ya gari haitaniambia?

Haitakuambia, maana gari hili halina sensa ya presha ya dizeli upande wa fidi pampu. Kodi ya hitilafu P0230, yaani namba ambayo kompyuta hutoa ikiona kasoro, inaangalia umeme wa fidi pampu tu. Pampu ikiwa inazunguka bila kusukuma kitu cha maana, kompyuta huona kila kitu ni shwari. Kodi ambayo wenye magari haya wanaiogopa ni P0216. Hiyo huja pale VP44 inaposhindwa kurekebisha taiming, yaani wakati wa kupuliza dizeli, na mara nyingi ikishajitokeza pampu imeshachakaa ndani. Kufunga geji siku hiyo ni kuchelewa.

Presha inayotakiwa ni ngapi?

Kiwango cha kiwandani ni angalau 10 psi injini ikiwa imewaka. Sisi tunataka zaidi ya hapo: karibu 14 au 15 injini ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta, na isishuke chini ya 10 ukikanyaga hadi mwisho huku gari lina mzigo. Hali hiyo ya pili ndiyo kipimo cha kweli. Pampu iliyochoka inaweza kuonyesha 13 gari likiwa limesimama, halafu ikaanguka hadi 5 kwenye mlima. Ukipima gereji tu utadanganyika.

Kwa upande wa juu, usipitishe 20. Ukifunga fidi pampu yenye nguvu isiyo ya kiwandani, hakikisha ina regyuleta inayoweza kuwekwa chini ya hapo.

Ninunue geji ya kiwango gani?

Nunua ya 0 hadi 30 psi. Geji ya 0 hadi 100 itafanya kazi, ila tofauti kati ya 8 na 12, ambayo ndiyo hasa unaitafuta, itakuwa upana wa ukucha. Kipenyo cha kawaida ni milimita 52, ambacho huingia kwenye vishikio vinavyofungwa kwenye nguzo ya kioo cha mbele upande wa dereva.

Kama gari lako si la VP44, kiwango hubadilika. Ram za vali 12 za 1994 hadi 1998 zina fidi pampu ya kimakanika yenye presha ya juu kidogo, hivyo chukua geji ya 0 hadi 60. Ford zenye Power Stroke ya lita 7.3 za 1999 hadi 2003 hutumia karibu 60 psi, kwa hiyo hapo ndipo geji ya 0 hadi 100 ina nafasi yake.

Ya umeme au ya kimakanika?

Zote hupima vizuri. Tofauti ni kile kinachoingia ndani ya kebini. Geji ya umeme ina sensa upande wa injini, na ndani huingia waya tu. Geji ya kimakanika hupelekewa presha yenyewe kwa kimrija chembamba. Usikubali kabisa kimrija hicho kilete dizeli ndani. Siku kikipasuka, dizeli itamwagika miguuni mwako ukiwa unaendesha, na harufu yake haitoki kwenye zulia. Mtu anayetaka ya kimakanika afunge kitenganishi, kikopo kidogo chenye ngozi katikati: upande mmoja dizeli, upande wa pili maji ya kuzuia kuganda yanayokwenda hadi kwenye geji. Kukifunga kunasumbua kidogo, kwa sababu upande wa maji lazima ujazwe bila kubaki hewa.

Mtu anayefunga kwa mara ya kwanza tunamshauri achukue ya umeme.

Sensa ifungwe wapi?

Ifungwe baada ya filta, karibu na mlango wa kuingilia VP44. Njia ya dizeli ni hii: tangi, kisha fidi pampu iliyobanwa ubavuni mwa injini upande wa dereva, kisha filta iliyo juu yake, kisha mrija unaokwenda mbele hadi VP44. Ukipima kabla ya filta utaona kazi ya fidi pampu lakini hutajua VP44 inapata nini. Filta iliyoziba itakuonyesha 15 nzuri kabisa kabla yake, huku upande wa pili ni 4.

Mwisho wa mrija umeshikwa na boliti ya banjo, yaani boliti yenye tundu katikati linalopitisha dizeli. Nunua boliti ya banjo iliyokwisha kutobolewa kichwani na kukatwa thredi za 1/8 NPT (kipimo cha Marekani cha thredi za mabomba), kisha umnyooshee muuzaji boliti yako ya zamani: linganisha unene, hatua ya thredi na urefu. Usitoboe ya zamani kwa drili ya mkononi. Tundu likienda pembeni kidogo, ukuta wa boliti hubaki mwembamba na hukatika wakati wa kukaza.

Magari mengi ya miaka hii yana pia vali za kupimia kwenye nyumba ya filta, zinazofanana na vali ya tairi, zenye vifuniko vya plastiki. Hizo zitumie kwa kipimo cha muda. Kwa geji ya kudumu hatuzipendi, maana kadiri muda unavyokwenda huvuja.

Kwa nini sensa nyingi hufa baada ya miezi michache?

Hili ndilo kosa linalorudiwa kuliko yote. VP44 haivuti dizeli kwa utulivu. Kila inapofunga mlango wake wa ndani, dizeli iliyokuwa ikikimbia hugonga na kurudi nyuma, mara nyingi kwa sekunde. Sensa iliyofungwa moja kwa moja juu ya boliti ya banjo hupigwa na mapigo hayo mchana kutwa, tena ikitikiswa na injini na kuchomwa na joto lake. Ndani ya sensa kuna kigusio kinachoteleza juu ya ukanda mwembamba. Kikitetemeka sehemu moja kwa wiki kadhaa, ukanda hulika hapo hapo.

Kinga yake ina sehemu mbili. Kwanza, iondoe sensa juu ya injini. Funga hozi fupi ya sentimita 30 hadi 45 kutoka kwenye boliti, na sensa uishike kwenye ukuta wa bati unaotenganisha injini na kebini au kwenye bodi ya gari. Hozi inayofaa sana ni ile ya bomba la grisi: ina thredi za 1/8 NPT pande zote mbili, inahimili presha kubwa mara nyingi kuliko hii, na inapatikana kila duka la vipuri. Pili, weka vali ya sindano kati ya boliti na hozi. Hiyo ni kokki ndogo yenye ncha nyembamba inayobana njia. Ifunge hadi mwisho, kisha ifungue kidogo sana, robo mzunguko au chini yake, hadi mshale utulie.

Ukiiangalia geji isiyo na vali hiyo, mshale hautulii. Unatetemeka hadi namba hazisomeki. Geuza sindano polepole huku injini inawaka, nao utakusanyika taratibu mpaka uwe mstari mmoja. Hapo acha. Ukizidisha kuibana, mshale utachelewa kufuata presha, na siku ya kuanguka kwa ghafla hutaiona kwa wakati.

Faida nyingine ya vali ya sindano ni hii: hozi au sensa ikivuja safarini, unaifunga kabisa na kuendelea na safari.

Niandae vifaa gani?

Geji ya 0–30 psi na sensa yake. Boliti ya banjo yenye thredi za 1/8 NPT. Washa (pete bapa za kuzuia kuvuja) mpya mbili za boliti hiyo. Vali ya sindano ya 1/8 NPT. Hozi ya grisi. Kiungio cha 1/8 NPT kike kwa kike kama sensa na hozi zote ni dume. Gundi ya majimaji ya thredi inayostahimili dizeli. Waya wa milimita moja ya mraba kiasi cha mita 4. Kishikio cha fyuzi na fyuzi ya ampea 3 au 5. Mpira wa kulinda waya unapopita kwenye bati. Vibano vya plastiki. Na matambara mengi.

Tepu nyeupe ya mafundi bomba usiilete kabisa. Vipande vyake hukatika wakati wa kukaza, na hapa uko baada ya filta: hakuna tena cha kuvizuia visiingie VP44. Gundi nayo ipake ukiacha thredi mbili za mwanzo bila kitu.

Hatua za kufunga ni zipi?

Anza injini ikiwa imepoa, betri zote mbili zikiwa zimechomolewa waya wa hasi. Osha eneo la VP44 na mirija yake kabla ya kufungua chochote. Mchanga kidogo tu unaoingia hapo ni hasara kubwa. Pulizia hewa, futa, kisha tandika matambara chini ya boliti.

Fungua boliti ya banjo taratibu. Dizeli itatoka, kikombe kimoja hivi. Toa washa za zamani zote mbili na uhakikishe hakuna iliyobaki imeganda kwenye uso wa chuma. Ikibaki moja ukaongeza mpya juu yake, patavuja bila wewe kuona sababu. Pachika boliti mpya ikiwa na washa mpya kila upande wa kiungio, ianze kwa vidole, kisha kaza kwa spana fupi. Boliti hii ina tundu kubwa kuliko ya zamani, kwa hiyo ni dhaifu zaidi. Usiongeze bomba kwenye spana.

Vali ya sindano na hozi ni rahisi kuziunganisha mezani kabla ya kuzifunga kwenye gari. Ipitishe hozi mbali na mkanda wa feni na mbali na chuma chenye ncha, ishike sehemu mbili, na uiachie ulegevu, kwa sababu injini hutikisika lakini bodi haitikisiki nayo.

Waya wa sensa upitishe kwenye ule ukuta wa bati kati ya injini na kebini kupitia tundu lenye mpira. Ndani, geji huhitaji umeme unaowaka kwa ufunguo, erthi, na waya wa taa unaofuata taa za dashibodi. Umeme uchukue kwenye sanduku la fyuzi lililo pembeni mwa dashibodi upande wa dereva, ukiwa na fyuzi yako mwenyewe. Usiunge kwenye waya wa fidi pampu wala waya wowote wa kompyuta ya injini.

Nimefunga kila kitu, mshale hausogei. Tatizo nini?

Mara nyingi ni erthi. Sensa ya waya mmoja hupata erthi kupitia mwili wake wa chuma. Ilipokuwa juu ya injini ilikuwa nayo. Ulipoiweka mwisho wa hozi ya mpira, erthi ilikatika. Ifunge klempu ya hozi kwenye mwili wa sensa, ibane na waya, na waya huo upeleke kwenye boliti ya bodi iliyokwanguliwa rangi. Sensa za waya mbili au tatu hazina shida hiyo, ila hakikisha hujachanganya nyaya.

Kama erthi ni nzima, angalia vali ya sindano. Huenda bado imefungwa.

Gari halitaki kuwaka baada ya kazi. Nifanye nini?

Kuna hewa. Geuza ufunguo hadi stata iguse tu, uachie mara moja kabla injini haijashika, ufunguo ubaki kwenye ON. Fidi pampu itazunguka kwa karibu sekunde 25 badala ya ile sekunde moja au mbili ya kawaida. Rudia mara tatu au nne, kisha washa. Wakati huo huo angalia boliti yako kwa tochi: tone lolote linaloonekana sasa litakuwa mchirizi ukiwa barabarani.

Likigoma bado, legeza nati za mirija ya injekta mbili au tatu upande wa kichwa cha injini, piga stata kwa vipindi visivyozidi sekunde 30 ukiipumzisha kwa dakika mbili, hadi dizeli itoke bila mapovu, kisha kaza. Mikono na uso viwe mbali na nati hizo. Presha ya upande wa injekta hupenya ngozi, na jeraha lake ni la kukimbilia hospitali hata kama linaonekana dogo kama tundu la sindano.

Nasomaje geji ninapoendesha?

Wakati wa kupiga stata usishtuke ukiona namba ndogo. Kompyuta huipa fidi pampu robo tu ya nguvu hadi injini ishike.

Ukikanyaga na presha ikaanguka, kisha ikarudi ukiachia, kuna kitu kinabana njia: filta, mrija wa kutoka tangini, au chujio la ndani ya tangi. Badili filta kwanza. Tofauti kati ya kabla na baada ya filta haitakiwi kuzidi 5 psi, na hapo ndipo zile vali za kupimia husaidia.

Presha ikiwa nzuri asubuhi na kushuka kila injini inavyopata joto, fidi pampu inachoka. Ikicheza juu na chini bila mpangilio, hasa tangi likiwa karibu kuisha, kuna hewa inanyonywa upande wa kabla ya pampu. Dizeli haitavuja hapo, kwa hiyo usitafute tone. Tafuta mpira uliopasuka na klempu iliyolegea.

Majira ya baridi kali ya kaskazini mwa Marekani na Kanada kuna jambo jingine. Dizeli ya kawaida hutoa nta kwenye baridi, nayo huziba filta. Presha iliyokuwa 14 jana jioni ikawa 3 alfajiri ya baridi haimaanishi pampu imekufa. Pasha joto, tumia dizeli ya majira hayo, kisha upime tena.

Presha ni nzuri. Je, hiyo inatosha?

Karibu, lakini presha haikuambii wingi. Mrija uliobanwa unaweza kuonyesha presha ya kuridhisha gari likiwa limesimama, na bado dizeli isitoshe. Kipimo cha wingi ni rahisi: elekeza mrija unaoingia VP44 kwenye chombo chenye alama, gusa stata na uachie, rudia pampu ikikoma, na pima kwa jumla ya sekunde 30. Inatakiwa angalau aunsi 45, yaani lita 1.3 na kidogo.

Kwa nini fidi pampu za magari haya hufa mapema?

Mahali ilipofungwa panachangia sana. Pampu ya umeme ya aina hii husukuma vizuri kuliko inavyovuta. Kiwandani iliwekwa kwenye injini, mbali na tangi, ikalazimika kuvuta dizeli njia nzima huku ikitikiswa na kuchemshwa. Ndiyo maana mifumo ya kubadilishia hufungwa kwenye chesisi karibu na tangi. Baadhi ya magari yamebadilishwa yakawekewa pampu ya ndani ya tangi. Hayo mara nyingi husoma chini ya 10 hata yakiwa mazima, na sisi hatuoni kuwa hiyo inaitosha VP44.

Nina Hilux au Land Cruiser ya zamani Afrika Mashariki. Nifunge geji hii?

Hapana, si hii. Hilux za 2L, 3L na 5L, na Land Cruiser za 1HZ, kwa kawaida hazina fidi pampu ya umeme. Pampu ya injekta hunyonya yenyewe kupitia filta, na kile kidude cha kubonyeza kwa mkono juu ya filta ni cha kutolea hewa. Kwenye mrija huo hakuna presha, kuna mvuto. Geji inayofaa ni ya mvuto, ikifungwa kati ya filta na pampu: mvuto ukiongezeka wiki hadi wiki, filta inaziba.

Niko barabarani na trela, mshale umeanguka chini ya 5. Niendelee?

Punguza mwendo kwanza, achia pedali, uone kama unarudi. Ukirudi juu ya 10, endesha polepole bila kulazimisha milima hadi mahali pa kubadilishia filta. Usiporudi, simama mahali salama na uzime. Gusa stata na uachie, usikilize upande wa dereva chini ya filta: fidi pampu ikiwa hai utaisikia ikivuma kwa zile sekunde 25. Iko kimya? Angalia fyuzi na plagi yake. Inavuma lakini mshale uko chini, badili filta hapo hapo kama unayo ya akiba. Kwenye gari hili ni vizuri kuwa nayo daima nyuma ya kiti. Yote hayo yakishindikana, usiwashe tena. Ita gari la kuvuta.